Kabla hujailaumu rilei: vioo vya umeme vya Toyota Celica ya zamani

Kioo cha umeme kikigoma, neno la kwanza kutamkwa gereji ni rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme. Ni spea ndogo, bei yake haiumi, inachomolewa kwa vidole, na fundi akishaibadilisha anaonekana kazi ameifanya. Halafu mteja anafika kona ya pili, kioo kinagoma tena. Hapa tutaifuata dalili moja baada ya nyingine, tuone ni lini rilei ina kosa na ni lini inasingiziwa.

Gari la mfano ni Toyota Celica ya kizazi cha tano, T180, iliyotengenezwa kuanzia 1989 hadi 1993. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ina milango mirefu ya kupe, yaani gari la milango miwili, na vioo visivyo na fremu, kwa hiyo kila kioo ni kipana, kizito, na hakina chuma cha kukishika pembeni kikiwa juu. Pili, ni gari ambalo watu wa huku hawahitaji kuelezwa: ST185, ndugu yake mwenye tabo na anayesukumwa na magurudumu yote manne, ilishinda Safari Rally miaka minne mfululizo, 1992 hadi 1995, na mwaka 1994 usukani ulikuwa mikononi mwa Mkenya, Ian Duncan. Mwenye Supra, MR2 au Corolla ya miaka hiyo asiondoke. Mpangilio wa umeme wa vioo unafanana sana.

Njia ambayo umeme unapita

Ukiijua njia hii, nusu ya kazi umeimaliza kabla ya kufungua skrubu hata moja.

Umeme unatoka kwenye betri, unapita kwenye saketi breka ya ampia 30, yaani kinga inayokata umeme ukizidi, unaingia kwenye rilei kuu ya vioo. Ndani ya rilei mna vitu viwili: koili, yaani uzi wa shaba uliozungushwa, na pointi mbili zinazokutana koili ikivuta. Ufunguo ukiwa umezimwa, pointi zimeachana. Ukiuzungusha hadi ON, koili inapata umeme kidogo, kama ampia 0.15 tu, inavuta, unasikia "tik", na umeme mkubwa unaruhusiwa kupita kwenda milangoni.

Kutoka hapo umeme unafika kwenye swichi kuu ya dereva, ile yenye vitufe vya vioo vyote na kitufe cha kuzuia kioo cha abiria kisifanye kazi, na pia kwenye swichi ya abiria. Kila mota ina nyaya mbili. Usipobonyeza kitu, nyaya zote mbili zimeunganishwa na ethi, yaani bodi ya gari. Ukibonyeza kupandisha, waya mmoja unapewa volti 12 na mwenzake unabaki kwenye ethi. Ukibonyeza kushusha, vinabadilishana. Ndivyo mota moja inavyozunguka pande zote mbili.

Jambo linalowachanganya wengi: ethi ya mota ya abiria hairudi kwenye bodi palepale mlangoni. Inapita kwenye swichi ya abiria, inavuka gari zima, inaingia kwenye swichi kuu ya dereva, ndipo inapata bodi. Swichi ya dereva ikiwa mbovu, kioo cha abiria kinaweza kufa ingawa mlango wa abiria hauna ubovu wowote.

Sasa angalia mchoro huo kichwani. Rilei kuu ni moja, vioo ni viwili. Kama kioo kimoja kinapanda na kushuka kwa nguvu zake zote, rilei haina kesi. Hapo usinunue kitu, hamia kwenye swichi, nyaya za mlangoni na mota.

Vifaa si vingi: multimita ya kawaida, yaani mita ya kupimia umeme, na balbu ya taa kubwa ya H4 uliyoiunganisha waya mbili. Balbu hiyo ni muhimu kuliko multimita. Multimita haivuti umeme wowote wa maana, kwa hiyo waya uliokatika ukabakiwa na uzi mmoja bado utakuonyesha volti 12 safi. Balbu ya wati 55 inavuta zaidi ya ampia 4; ikiwaka vizuri, waya huo unaweza kubeba mzigo. Ikiwaka kama kibatari, umempata mwizi.

Vioo vyote viwili vimekufa kabisa

Hapa ndipo rilei inapokuwa mshukiwa halali, ingawa si wa kwanza.

Zungusha ufunguo hadi ON bila kuwasha injini, kisha tazama dashibodi. Kama mshale wa mafuta na wa joto la injini nayo imelala, acha vioo. Kwenye Toyota nyingi za kipindi hicho koili ya rilei ya vioo hulishwa na fyuzi iliyoandikwa GAUGE, ampia 10, ileile inayolisha geji. Fyuzi moja ndogo imeungua na inaonekana kana kwamba matatizo mawili yameingia gari siku moja. Kawaida yake haiungui bila sababu. Angalia waya wa taa za rivasi, maana mara nyingi nazo ziko kwenye fyuzi hiyo na nyaya zake hupita sehemu za kukwaruzika karibu na giaboksi.

Kama geji ziko hai, jaribu loki za umeme za milango. Zikiwa nazo zimekufa, nenda kwenye saketi breka. Kwenye boksi la fyuzi inaonekana kama kijiboksi cha plastiki kikubwa kuliko fyuzi, kimeandikwa 30, na hapa ndipo wengi wanapopotea kwa sababu hawaoni uzi uliokatika. Saketi breka haiungui, inaruka. Ichomoe, tafuta tundu dogo ubavuni, ingiza sindano au waya mwembamba mgumu hadi usikie imerudi. Pima kwa multimita kwamba inapitisha, kisha irudishe. Ikiruka tena baada ya dakika chache, kuna mzigo mkubwa mbele yake: mota iliyokwama au waya uliochubuka unaogusa bodi. Usiiruke kwa kuunganisha kipande cha waya moja kwa moja. Nyaya hizo zimefungwa pamoja na nyingine chini ya zulia, na zikishika moto hutajua hadi moshi uanze kutokea chini ya kiti.

Baada ya hapo ndipo unaifikia rilei. Kuipata ni rahisi ukiwa na msaidizi: yeye anazungusha ufunguo kati ya OFF na ON, wewe unapitisha kidole juu ya rilei zilizo chini ya dashibodi na pembeni mwa miguu hadi uhisi ile inayoruka. Zitaruka zaidi ya moja, kwa hiyo fungua kifuniko cha boksi usome mchoro.

Kama rilei hairuki kabisa, ichomoe upime soketi yake. Rilei nyingi za Toyota zina miguu yenye namba 1, 2, 3 na 5: mguu wa 1 na wa 2 ni koili, wa 3 na wa 5 ni pointi. Ukiwa na ufunguo ON, tundu moja la koili lazima liwe na volti 12 na la pili liwe na ethi. Volti ikikosekana, rudi kwenye fyuzi ya koili. Ethi ikikosekana, tafuta boliti inayofunga nyaya za ethi kwenye bodi pembeni mwa miguu. Ifungue, piga msasa hadi chuma king'ae, ifunge tena. Kwa magari yaliyokaa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam ningeanza na boliti hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Chumvi ya hewani huingia chini ya kichwa cha boliti na kutengeneza ukungu wa kijani ambao jicho halioni hadi uifungue.

Volti na ethi zikiwepo na rilei bado imekaa kimya, pima koili: kati ya omu 60 na 120 ni kawaida. Mita ikionyesha hakuna muunganiko, koili imekatika, na hapo rilei imekufa kweli.

Inalia "tik" lakini vioo havitikisiki

Huu ndio mtego mkubwa. Watu wakisikia mlio wanasema rilei ni nzima. Mlio unathibitisha koili tu. Haukuambii lolote kuhusu pointi. Baada ya miaka 30 ya kukata na kuunga umeme, pointi huchimbika na kuwa nyeusi, zinagusana lakini hazipitishi.

Kipimo cha haraka: chomoa rilei, chukua waya mfupi wenye fyuzi ya ampia 20 katikati, unganisha tundu la 3 na la 5 kwenye soketi. Moja kati ya hayo lina volti 12 muda wote, kwa hiyo hakikisha kwa mita kabla hujagusa. Kisha jaribu vioo. Vikifanya kazi, kosa ni la pointi za rilei na unaweza kwenda dukani kwa amani. Visipofanya kazi, rilei haina hatia: umeme unapotea mbele yake, kwenye waya wa kwenda swichi kuu au kwenye ethi ya swichi hiyo.

Wapo wanaoifungua rilei kwa bisibisi na kuzipiga pointi msasa. Inakufikisha nyumbani, si zaidi. Pointi zina tabaka jembamba la madini maalumu, na msasa ukishaliondoa zitaungua upya haraka.

Rilei inatetemeka au inalia mfululizo

Mlio wa "trrrr" badala ya "tik" moja maana yake koili inapata umeme dhaifu: inavuta, inaachia, inavuta tena. Pima betri kwanza. Betri nzima iliyopumzika ina volti 12.6 hivi, na injini ikiwaka alteneta inapaswa kuisukuma hadi karibu 14. Kama betri iko sawa, rudi kwenye ethi ya koili. Kubadilisha rilei hapa ni kupoteza hela, na ukiiacha iendelee kutetemeka, pointi zake zitaungua na kesho utakuwa na kosa la pili juu ya la kwanza.

Dalili iliyo kinyume ni vioo kufanya kazi hata ufunguo ukiwa mfukoni. Yapo magari yaliyotengenezwa kufanya hivyo kwa muda mfupi, lakini kama lako halikuwa hivyo zamani, pointi zimeganda kwa kuyeyukiana. Igonge rilei kidogo. Ikiachia, umepata jibu. Ibadilishe upesi, kwa sababu taa ndogo za kwenye swichi zitakaa zikinyonya betri usiku kucha.

Kinafanya kazi asubuhi, mchana kinakufa

Hii inahitaji subira, na ni moja ya kesi chache ambazo rilei huwa na makosa kweli. Gari likikaa juani, plastiki na chuma hutanuka, na kiungo kilicholehemewa kwa risasi, kikiwa kimepasuka ndani ya rilei, huachana. Usiipime gari likiwa limepoa kivulini. Utaambiwa kila kitu kizuri. Subiri kosa litokee, kisha igonge rilei kwa mpini wa bisibisi huku msaidizi amebonyeza swichi. Vioo vikishtuka, ndiyo yenyewe.

Lakini kama kinachokufa ni kioo kimoja tu, na kinafufuka baada ya kupumzika, mshukiwa ni mota. Ndani ya mota nyingi mna kinga ya joto inayokata umeme mota ikizidiwa. Mtoto akichezea kioo juu na chini mara nyingi, kinga itakata, na hilo si ubovu. Ikikata baada ya kupandisha mara moja, mota inasukuma kitu kizito kupita kiasi.

Kioo kimoja tu kimegoma

Rilei iache. Anza na kile kitufe cha kuzuia kioo cha abiria kwenye mlango wa dereva. Usicheke, kimeshakula hela za watu wengi. Kisha jaribu kioo cha abiria kutoka swichi zote mbili. Kikikubali kutoka moja na kukataa kutoka nyingine, kosa liko kwenye swichi. Kikikataa kote, bonyeza swichi huku ukifungua na kufunga mlango polepole. Kikishtuka mlango ukifika sehemu fulani, kuna waya umekatika ndani ya raba inayopita kati ya mlango na nguzo. Milango ya Celica ni mirefu na hufunguka kwa upana, na nyaya hizo zimekunjwa na kukunjuliwa tangu gari likiwa jipya. Unaweza kuuona waya mzima kwa nje kwa sababu ngozi ya plastiki haijakatika. Shaba ya ndani ndiyo imekwisha. Uvute kidogo: ukirefuka kama mpira, umekatika. Unga kwa kulehemu na kipande cha waya mpya chenye unene uleule, si kwa kusokota na tepu.

Waya ukiwa mzima, fungua kava la mlango, bonyeza swichi na uigonge mota kidogo. Ikizunguka, kaboni zake, zile zinazopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zimeisha.

Ukishafungua kava hilo, utakuta karatasi ya nailoni imegandishwa kwenye bati la mlango. Mafundi wengi huichana na kuitupa. Nailoni hiyo ndiyo inayozuia maji ya mvua yanayotiririka ndani ya mlango yasiingie upande wa swichi, na kwenye kioo kisicho na fremu maji hayo ni mengi. Irudishe, au kata mpya.

Kinashuka, hakipandi, au kinapanda kwa kujikokota

Kushusha kioo uzito wake unasaidia, kupandisha uzito unapinga. Kwa hiyo kila udhaifu wa umeme hujitokeza kwanza kwenye kupanda. Kama kinashuka vizuri lakini ukibonyeza kupandisha kinakaa kimya kabisa, pointi za upande mmoja wa swichi zimeungua. Ifungue, isafishe kwa spirito ya kusafishia vifaa vya umeme, au tafuta nyingine.

Kama kinapanda kwa kujikokota, kwanza angalia raba na chaneli, yaani njia ambayo kioo kinateleza. Vumbi letu linaloingia kwenye raba linageuka msasa, na grisi ya kiwandani kwenye mashine ya kioo, ile inayokipandisha na kukishusha, inakuwa ngumu kama nta. Safisha chaneli kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kausha, pulizia silikoni. Usitie oili ya injini. Itakusanya vumbi zaidi na kuilainisha raba hadi ivimbe. Kwenye mashine ya kioo safisha grisi ya zamani yote kabla ya kupaka mpya.

Kisha pima, na hapa namba ndizo zinazosema. Injini ikiwaka, weka mita kwenye nyaya mbili za mota kioo kikiwa kinapanda. Betri ina 14 na mota inapata 12 au zaidi: umeme upo, tatizo ni la mota au msuguano. Mota inapata 10 au chini yake: umeme unapotea njiani, na ni rahisi kujua wapi. Weka ncha moja ya mita kwenye mguu wa 3 wa rilei na nyingine kwenye mguu wa 5 huku kioo kikipanda. Rilei nzima itaonyesha volti 0.2 au pungufu. Ikionyesha volti nzima au zaidi, pointi zimechoka na rilei imepatikana na hatia. Fanya hivyohivyo kwenye swichi, kwenye waya wa kwenda mlangoni, na kwenye ethi. Mara nyingi utaona hakuna mwizi mmoja mkubwa. Wapo wanne wadogo, kila mmoja amechukua volti moja hivi.

Kununua rilei, na kuongeza nyingine

Usinunue kwa kufananisha umbo. Rilei za Kijerumani zimeandikwa 30, 85, 86 na 87. Za Toyota zimeandikwa namba zake na mpangilio wa miguu unaweza kutofautiana hata kama zote ni nyeusi na zinaingia. Soma namba iliyopigwa mgongoni. Za Toyota nyingi huanza na 90987. Nyingine zina dayodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, iliyounganishwa sambamba na koili; ukizigeuza pande unaichoma. Rilei iliyotumika ya kampuni ya Denso kutoka gari lililokatwa kwa spea naiamini kuliko mpya isiyo na jina.

Kama swichi zako ni nzima lakini zimechoka, unaweza kuzipumzisha kwa kuongeza rilei mbili kwa kila mota, zile za miguu mitano. Waya mmoja wa mota unaingia mguu wa 30 wa rilei ya kwanza, waya wa pili unaingia 30 ya rilei nyingine. Mguu wa 87a, ule unaogusana na 30 rilei ikiwa imelala, wa zote mbili unakwenda ethi, na 87 wa zote mbili unapata umeme mpya kutoka betri kwa waya wa milimita za mraba 2.5, ukiwa na fyuzi ya ampia 20 hadi 25 karibu kabisa na betri. Nyaya mbili za zamani zilizokuwa zikienda kwenye mota sasa zinakwenda kwenye koili: wa kupandisha kwenye 86 ya rilei moja, wa kushusha kwenye 86 ya nyingine, na 85 zote kwenye ethi. Swichi iliyokuwa ikibeba ampia 10 sasa inabeba sehemu ndogo ya moja.

Kwa mlango wa dereva kuna jambo la kuangalia kabla hujakata waya. Kama swichi yako ina auto, ile ya kubonyeza mara moja kioo kikashuka chenyewe, nyingi hujua kioo kimefika chini kwa kuhisi umeme wa mota unavyopanda. Ukiweka rilei katikati, swichi haihisi tena mota bali koili, na auto inaweza kukatika mapema au isikatike kabisa. Hapo ama uache mlango wa dereva kama ulivyo na uweke rilei upande wa abiria peke yake, ama ukubali kuishi bila auto. Zifunge rilei hizo juu ndani ya mlango, miguu ikitazama chini, upande mkavu wa ile nailoni.